Fahamu: Chumba cha melini kwa msafiri wa kiti cha magurudumu
Bandari ya Mtwara, kwa kujaliwa kina kirefu cha asili, huziwezesha marikebu kubwa kufunga gatini, na kwa abiria wa kiti cha magurudumu hiyo ni neema adhimu, kwani penye maji haba meli hutia nanga mbali, watu wakashushwa kwa mashua, na hapo aweza kuzuiwa asiteremke. Basi kabla ya kulipa nauli na aulize upana wa mlango, na kimo cha kizingiti cha msala (ndiyo adha kubwa, kwa rai yangu), kwa kuwa vyumba vilivyotengenezwa kwa ajili yake ni vichache, navyo huwahiwa mapema. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha hukumu, mwaka 2005, kwamba hata meli za utalii zenye bendera ya kigeni, ziwapo katika bahari yake, zapaswa kutii sheria yake ya watu wenye ulemavu. Ama hapo Mtwara, kivuko cha Msangamkuu, kibebacho magari, hakina vyumba, lakini mlango wake hulala ufukweni, kiti kikapita.