Jina la chakula si neno tu, mtafsiri ajihadhari

KATIKA vibanda vya chakula mtaani Dandora, Nairobi, mlaji huweza kuagiza chapati, githeri, pilau au chipsi bila kuuliza asili yake. Mtafsiri hana raha hiyo. Akitakiwa kuigeuza orodha kama hiyo kutoka Kiingereza hadi Kifaransa, hana budi kuamua kila chakula ni cha nani.

Kanuni ya msingi ni nyepesi. Kiingereza hutumia neno moja, Indian, kwa mtu na kwa chakula. Kifaransa hutofautisha: Mhindi ni Indien, kwa herufi kubwa, ilhali mapishi yake ni cuisine indienne, kwa herufi ndogo na kwa umbo la kike, kwa kuwa cuisine ni nomino ya kike. Mapishi ya Kenya, basi, ni cuisine kényane.

Kiswahili nacho hutofautisha kwa viambishi: Mhindi, India, Kihindi. Kiambishi KI hakitaji lugha pekee, bali pia namna ya kutenda. Anayepika Kihindi aweza kuwa Mkamba. Mfaransa hulieleza wazo hilo kwa kusema à l'indienne.

Ugumu huzidi pale jina la taifa linapokuwa pambo tu. Chipsi, ambazo Wamarekani huziita French fries, kwa Mfaransa ni frites, bila kutaja nchi yake. Kinyume chake, mchuzi mtamu wa maziwa na mayai ambao Mwingereza huuita custard, Mfaransa huuita crème anglaise, yaani krimu ya Kiingereza. Anayetafsiri neno kwa neno hupotea mara mbili.

Majina ya nyumbani yana mtego wake. Githeri ni neno la Kikuyu. Watanzania huita mchanganyiko huo wa mahindi na maharagwe makande. Sukuma wiki ikigeuzwa neno kwa neno, Mfaransa atasoma habari za kusukuma juma, asijue kwamba ni mboga ya bei nafuu inayomvusha mlalahoi hadi siku ya mshahara. Busara ni kuliacha jina lilivyo na kulifuatisha maelezo mafupi.

Mataifa yenyewe hulichukulia suala hili kwa uzito. Mwaka 2010 UNESCO iliuorodhesha mlo wa Kifaransa kuwa turathi, na jina rasmi likasema des Français, yaani wa Wafaransa: mlo ni wa watu, si wa ardhi. Mwaka 2021 shirika hilo lilitambua juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya kiasili.

Kwa hiyo, kuandika cuisine kényane juu ya orodha nzima ya kibanda cha Dandora si kosa la sarufi. Lakini hulifuta jina la Mkikuyu kwenye githeri, la Mswahili kwenye pilau na la Mhindi kwenye chapati, ilhali wote hao wamechangia sahani moja.