Kitunguu Ndani ya Gunia

Bei ya kitunguu ikipanda, mama wa nyumbani ndiye wa kwanza kuumia, kwani pilau haipikiki bila kitunguu. Basi na tutazame Soweto Mashariki, kijiji kimojawapo cha Kibera jijini Nairobi, mtaa ulioanzishwa na askari wa Kinubi, ndugu zetu Waislamu, mwanzoni mwa karne ya 20. Huko ardhi ni adimu. Mlango hutazamana na mlango. Hata hivyo, baada ya ghasia za uchaguzi za mwaka 2008, kina mama wengi wa Kibera walianza kulima ndani ya magunia: udongo uliochanganywa na samadi, na katikati nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji.

Sukuma wiki hustawi hata katika matundu ya ubavuni. Kitunguu maji hakikubali. Chataka kukaa juu, kwenye mdomo wa gunia, tena kwa nafasi. Mkulima akibana miche huvuna majani tele na vichwa vidogo kama gololi. Sentimita 10 baina ya mche na mche zatosha. Gunia lenye mdomo wa sentimita 50 litabeba miche 15 hivi. Ukiachanisha zaidi utapata vichwa vikubwa, ila vichache.

Wakati nao una hukumu yake. Kitunguu hupenda maji kinapokua, lakini kichwa kikikomaa hutaka jua. Kikikutwa na mvua huoza shingo, wala hakiwekeki. Miche hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8, mpaka unene wa penseli, kisha huhitaji miezi 3 au 4. Hivyo anayesia mbegu katikati ya Agosti hupandikiza mvua za vuli zinapoanza Oktoba, na kuvuna Januari au Februari, wakati wa kiangazi. Aliyechelewa hadi Novemba huvuna Aprili au Mei, masika yakiwa yamemwangukia. Na maji ya mtaro yasitumike kamwe, hata kama ndiyo yaliyo karibu.

Lakini miezi 4 ni mingi kwa nyumba yenye watoto. Mwenye haja na apande kwa sentimita 5, kisha ang'oe mmoja baada ya mmoja vingali vichanga, atie majani mchuzini, na vilivyobaki vipate nafasi ya kunenepa.