Liti ni nani? Jibu huenda nililitupa shimoni!

Ilikuwa mapumziko. Timu zimeingia vyumbani, jua la Singida linachoma kama kawaida yake, na mimi na mpwa wangu tumekaa jukwaani Uwanja wa Liti tunabangua karanga. Dogo yuko kidato cha pili, mpira ndio dini yake. Ghafla akanigeukia.

"Mjomba, hivi huyu Liti alikuwa anacheza namba ngapi?"

Nilicheka mpaka karanga zikanipalia. Mzee aliyekaa mbele yetu akageuka, akanitazama kwa jicho la kusema, "Haya, mjibu mtoto." Nikaacha kucheka.

Nikamwambia nilichokuwa nacho kichwani. Kwamba uwanja huu zamani ukiitwa Namfua. Kwamba Liti hakuwahi kupiga mpira. Alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyepambana na Wajerumani, na wazee husimulia kwamba aliwatumia nyuki kuwatimua askari. Hapo dogo akasahau mechi kabisa.

"Nyuki hawahawa wa asali? Imeandikwa wapi, mjomba?"

Msomaji wangu, swali hilo la mwisho lilinipiga pabaya. Maana jibu lake linaweza kuwa hivi: imeandikwa kwenye karatasi ambazo mjomba wako alizibeba kwa toroli na kuzimwaga kwenye shimo la taka.

SIKU YA TOROLI

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja mkoani hapa. Jina nalihifadhi. Wageni walikuwa wanakuja na maboksi ya vitabu vya msaada, na chumba cha maktaba kilikuwa kimejaa pomoni. Tukateuliwa wanafunzi sita. Amri ilikuwa fupi: "Toeni makorokoro yote, wageni wasiyaone."

Korokoro ni lipi? Hatukuambiwa. Kwa hiyo tukajiamulia wenyewe kwa akili za miaka 17. Chenye vumbi, nje. Kisicho na picha, nje. Chembamba chenye jalada lililofifia, nje! Kinene chenye jalada linalong'aa, kibaki hata kama hatujui kinasema nini.

Kwenye kona ya chini tulikuta bunda la majarida yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Juu yake yaliandikwa Tanzania Notes and Records. Mshikaji wangu mmoja akasema, "Kama humo mngekuwa na noti kweli, walimu wangekuwa wameshazimaliza." Tukaangua kicheko, bunda likaenda kwenye toroli. Karatasi nyingine zikachukuliwa na mama muuza karanga pale getini. Siku ya tatu nilinunua karanga za kukaanga, nikafungiwa kwa ukurasa wenye ramani. Nikala, nikaitupa ramani.

Miaka mingi baadaye ndipo nikajua tulichokuwa tumekishika. Jarida lile lilianza mwaka 1936 likiitwa Tanganyika Notes and Records, na lilibeba habari za historia, mila, wanyama na ardhi ya nchi hii, mkoa kwa mkoa. Mwaka 1969 Marguerite Jellicoe, mama aliyefanya utafiti huku kwetu, aliandika humo makala kuhusu upinzani wa Wanyaturu wakati wa Wajerumani. Ndiyo mambo ya zama zilezile za Liti.

Je, toleo la 1969 lilikuwa kwenye bunda lile? Sijui. Na ubaya wenyewe uko hapo: hakuna hata mmoja wetu aliyefungua kuangalia.

KUMBE KUTOA VITABU SI DHAMBI

Kwa muda mrefu nilidhani kosa letu lilikuwa kutupa vitabu. Nikajaza chuki moyoni, kila nikiona maktaba inapunguza vitabu nahisi kuna hujuma. Mpaka siku moja dada mmoja mkutubi aliponicheka. Akaniuliza kama kwetu tunalima. Nikasema ndiyo, uwele, mtama na alizeti. Akasema, "Na mnapalilia? Basi na sisi tunapalilia."

Akanieleza, na nikiri kwamba aliniweza. Rafu ikijaa vitabu vilivyopitwa na wakati, msomaji hakioni kile kizuri kilichojificha katikati. Mbaya zaidi, kitabu cha zamani kinaweza kukudanganya. Chukua kitabu cha ramani cha mwaka 2005. Humo hutaiona Wilaya ya Ikungi wala Mkalama, maana zimeanza mwaka 2012. Mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu nayo imezaliwa mwaka huohuo. Sudan ni nchi moja, wakati Sudan Kusini ilijitenga mwaka 2011. Mwanafunzi akijibia mtihani kwa ramani hiyo, amekwisha! Kitabu cha dawa cha zamani ndicho hatari zaidi, kwa sababu hicho kinaweza kukupeleka kaburini.

Wenzetu wameweka hata mwongozo. Mwaka 1976 huko Texas, Marekani, mkutubi Joseph Segal aliandika maelekezo ya kupalilia maktaba, na yamekuwa yakirekebishwa tangu wakati huo. Unakishika kitabu, unakihoji. Je, kinapotosha? Kimechakaa hadi hakisomeki? Kimetoka kingine kipya cha kukirithi? Kina faida yoyote kwa wasomaji wa hapa? Na je, mtu akikihitaji kesho atakipata kwingine?

Swali hilo la mwisho liandike kwa wino mwekundu. Kitabu cha hesabu kilichochapwa maelfu ya nakala ukikitoa leo, kesho utakiona kwingine. Jarida la zamani linaloizungumzia Singida likitoka, huenda mkoa mzima umebaki bila. Yeyote aliyewahi kushika jembe anajua kuwa mche wa mtama ukiwa mchanga unafanana na majani ya porini. Mtoto asiyejua akitumwa kupalilia, atang'oa chakula na kuacha magugu. Sisi sita tulikuwa watoto hao.

VINAINGIAJE?

Kabla hujauliza kitabu kimetokaje, uliza kimeingiaje. Njia ya kwanza ni kununua, na hapo fungu ni dogo, kwa hiyo mkutubi anaangalia mitaala na kile ambacho wasomaji wanakiulizia. Usipouliza kitu, usitegemee kukikuta.

Njia ya pili ni sheria. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa upya kwa sheria ya mwaka 1975, ndiyo inayotunza nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini. Mchapishaji anawajibika kuwasilisha nakala. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina kazi ya kuhifadhi ambayo maktaba ndogo ya shule haiwezi kuibeba. Ndogo inapalilia, ya taifa inatunza mbegu.

Njia ya tatu ni msaada. Yapo mashirika makini, kama Book Aid International la Uingereza, lililoanza mwaka 1954 na ambalo siku hizi hutuma vitabu vipya. Lakini pia yapo maboksi yanayoletwa na watu waliosafisha tu stoo zao. Yale tuliyoyapisha mwaka 1997, tulipoyafungua, yalikuwa na vitabu vinene vya sheria za kodi za Marekani. Nakwambia ukweli, hakuna aliyewahi kuvifungua mpaka namaliza kidato cha nne. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliuacha, tena kwa kuukimbilia.

Usidhani ni ushamba wa Singida peke yake. Mwaka 1996 jiji la San Francisco, Marekani, lilifungua maktaba mpya ya kisasa. Mwandishi Nicholson Baker akaibuka na kuandika kwamba vitabu vingi sana, kwa hesabu yake visivyopungua 200,000, vilikuwa vimepelekwa dampo. Ukazuka mzozo mkubwa. Toroli lao lilikuwa kubwa kuliko letu, basi.

MARUFUKU NI HABARI NYINGINE

Kuna kitabu kinachotoka kwa sababu kimechoka, na kuna kinachotoka kwa sababu kuna mtu kimemkera. Tusichanganye.

Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, vikiwemo vya Diary of a Wimpy Kid vya Jeff Kinney. Hoja ya wizara ilikuwa kwamba vinakwenda kinyume na maadili yetu. Wazazi wengi walishangilia, wengine wakauliza nani kavisoma vyote. Unaweza kuwa upande wowote, lakini amri ile angalau ilikuwa na orodha. Watu walijua ni vitabu gani na wakabishana. Toroli letu halikuwa na orodha.

Halafu kumbuka Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, na kwa jinsi kinavyomzungumzia binti, ukali wa baba na mambo ya wanaume, kikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye kikarudi shuleni kwa heshima zote kama kitabu cha fasihi cha kusomwa na kutahiniwa. Kezilahabi alifariki Januari 2020 akiwa mmoja wa vigogo wa riwaya ya Kiswahili. Fikiria kama kila nakala ingekuwa imeshaingia shimoni. Wangerudisha nini?

NIKAPANDA BASI

Nirudi kwa dogo. Swali lake lilinikosesha usingizi, na nilipopata safari ya Dar, karibu kilomita 700 kutoka Singida, nikajiongeza hadi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maktaba yao ina sehemu ya machapisho ya Afrika Mashariki. Nikaomba jarida la 1969. Likaletwa. Jembamba, jalada limefifia, kabisa la aina tuliyokuwa tunaitupa kwa kicheko.

Nilikaa humo humo nikinakili kwa mkono kwenye daftari. Nikagundua pia kwamba Jellicoe alitoa kitabu kizima mwaka 1978, The Long Path, kuhusu mabadiliko ya maisha ya Wahi, kundi mojawapo la Wanyaturu. Mmarekani Harold Schneider naye alishaandika juu ya uchumi wa Wahi hao hao mwaka 1970. Kumbe tumeandikwa! Ila kumsoma bibi yangu nilihitaji kupanda basi siku nzima.

Nilipomsomea mpwa wangu daftari lile, nikimtafsiria maana jarida ni la Kiingereza, alisikiliza kimya. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mjomba, mlilitupa nyinyi?"

"Huenda," nikasema.

"Mngeandika hata orodha."

Mtoto wa kidato cha pili! Waswahili walishasema mali bila daftari huisha bila habari, lakini ilibidi nikumbushwe na mtu ninayemnunulia karanga.

Kwa hiyo, wewe kijana unayepita mbele ya maktaba ya shule, ya kata au ya mkoa, nina maombi matatu. Moja, ingia uulize kitabu unachokitaka, kwa jina, na wakisema hakipo waombe wakiandike. Pili, azima vya zamani. Muhuri wa tarehe ya kurudisha ndio ushahidi kwamba kitabu kina mtu. Kisichoazimwa ndicho kinachoanza kutazamwa kwa jicho baya. Tatu, maktaba ikiamua kupalilia, na ipalilie, lakini omba kila chenye habari za kwenu kiwekwe pembeni kwanza mpaka ijulikane kipo kwingine.

Na siku ukiona toroli mlangoni, usipite. Simama, inama, fungua uangalie kilichomo.