Nasaba ya Lugha Katika Jedwali: Uhusiano wa Mzazi na Mwana Katika Hifadhidata

Malcolm Guthrie alipozigawa lugha za Kibantu mwaka 1948, na kuikamilisha kazi hiyo katika juzuu za miaka ya 1967 hadi 1971, alizipa alama za herufi na tarakimu. Kiswahili kikawa G42, nacho Kiunguja kikawa G42d. Aisomaye alama hiyo hutambua, bila ya kufungua kitabu, ya kwamba Kiunguja kimo katika Kiswahili, Kiswahili kimo katika kundi la G40, na kundi hilo limo katika ukanda wa G. Njia nzima ya kupanda kutoka kwa mjukuu hadi kwa babu imeandikwa ndani ya jina.

Mtaalamu wa lugha anayetaka kuihifadhi nasaba kama hiyo katika tarakilishi hukabiliwa na tatizo ambalo Guthrie hakuwa nalo. Hifadhidata nyingi za leo zimejengwa juu ya nadharia aliyoitoa Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970, ambayo kwayo habari zote huwekwa katika majedwali ya mistari na safu. Jedwali halina juu wala chini. Mistari yake yote ni sawa. Mti wa nasaba, kwa upande wake, hauna maana yoyote pasipo juu na chini.

Suluhisho lililo rahisi ni kuupa kila mstari namba yake, kisha kuongeza safu moja ya kutaja namba ya mzazi:

1 – Sabaki – (wazi)
2 – Kielwana – 1
3 – Kipokomo – 1
4 – Kimijikenda – 1
5 – Kikomoro – 1
6 – Kiswahili – 1
7 – Kiamu – 6
8 – Kimvita – 6
9 – Kiunguja – 6

Kuwapata wana wa Kiswahili ni swali moja tu: ni mistari ipi yenye 6 katika safu ya mzazi? Ugumu huzuka anapotafutwa kila mzawa wa Sabaki, maana idadi ya vizazi haijulikani mapema. Lugha ya SQL ilipata kanuni rasmi ya swali la kujirudia, linaloshuka kizazi kwa kizazi, katika toleo la mwaka 1999.

Wengine huepuka kujirudia huko kwa kuupa kila mstari namba mbili, ya kuingilia na ya kutokea, mithili ya mtu auzungukaye mti wote akihesabu hatua. Sabaki hupata 1 na 18. Kimijikenda 6 na 7. Kiswahili 10 na 17. Kila mwenye namba zilizo baina ya 10 na 17 ni mzawa wa Kiswahili, na swali lajibiwa mara moja. Lakini Kigiriama kikiongezwa chini ya Kimijikenda, namba 12 kati ya zile 18 hazina budi kubadilishwa.

Alama za Guthrie ni njia ya tatu, na udhaifu wake wadhihirika katika kundi hili hili. Yeye alikiweka Kipokomo katika E71, lugha za Mijikenda katika E72 na E73, na Kikomoro katika G44 karibu na Kiswahili. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walizikusanya zote katika Sabaki, huku Kitaita, ambacho ni E74, kikibaki nje. (Haki ya Guthrie isisahauliwe: alama zake zilifuata pia jiografia, na hazikukusudiwa zote kuwa nasaba.) Palipo na safu ya mzazi, uhamisho kama huo ni wa namba moja katika kila mstari unaohusika. Palipo na alama zibebazo njia, ni lazima jina lenyewe libadilike, pamoja na kila faharasa iliyolitaja. Kwa nasaba ambayo wataalamu wangali wakiijadili, safu ya mzazi ndiyo ifaayo zaidi, hata ikiwa maswali yake ni mazito.

Hata hivyo safu hiyo ina dhana iliyofichika, nayo ni kwamba kila lugha ina mzazi mmoja. Kielwana, kinachosemwa kando ya mto Tana, ni cha Sabaki kwa asili, lakini kimeathiriwa mno na lugha za Kikushi. Athari hiyo haina mahali katika safu ya mzazi, wala haifai kulazimishwa humo. Yahitaji jedwali la pili, ambalo kila mstari wake hutaja namba ya lugha iliyoathiri, namba ya lugha iliyoathiriwa, na aina ya athari: msamiati, sauti au sarufi.