Mafiga Matatu ya Ajali: Nyungu, Mtoto na Ndoo ya Mlangoni

Tuichukue nyumba moja ya mfano, katika kijiji kimojawapo kati ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, jioni ya mwanzoni mwa Juni 2020. Mama amerudi kutoka kuvuna maharage, mgongo unamuuma na kifua kinambana. Binti yake wa darasa la sita ameshachemsha maji yenye majani ya mwarobaini, mchaichai na maganda ya limao. Sufuria inaipuliwa na kuwekwa sakafuni, mama anakaa kwenye kigoda na kujifunika blanketi gubigubi ili ajifukize. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa akicheza mlangoni. Akigeuka hamwoni mama. Anachokiona ni blanketi linalokohoa kwa sauti ya mama. Anajongea, anashika pindo, anavuta.

Kelele inayofuata inasikika hadi nyumba ya tatu. Majirani wanakuja mbio, kila mmoja na dawa yake mkononi, na mmoja wao hakosi kusema: "Poleni jamani. Ajali haina kinga."

Kama pole, msemo huo hauna ubaya. Kama maelezo ya kilichotokea, haufai kitu. Wapishi wa Kigoma, kama wapishi wa kwingineko, wanajua kuwa figa moja haliinjiki chungu, na mawili pia hayainjiki. Ajali ya namna hii nayo inasimama juu ya mafiga matatu: mtoto aliye nyumbani, maji ya moto yaliyo sakafuni, na jicho ambalo halipo. Wakati wa korona mafiga hayo yalisogezwa pamoja, na inafaa kuona ni nani aliyeyasogeza na kwa sababu gani, kwa kuwa mengine bado hayajaondolewa.

Figa la kwanza: watoto nyumbani, wazazi shambani

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, mjini Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirudi masomoni Juni 1. Wa shule za msingi na madarasa mengine ya sekondari walingoja hadi Juni 29. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu.

Hapa ndipo Tanzania ilipoachana na sehemu kubwa ya dunia. Uingereza na Italia zilifungia watu ndani, mzazi na mtoto wakashinda chini ya paa moja. Kwetu shule zilifungwa lakini maisha hayakufungwa. Masoko yaliendelea, ibada ziliendelea, bodaboda ziliendelea, na maharage yaliyokuwa shambani hayakumngoja mtu. Ulaya mzazi alilalamika kuwa hapati pumzi kwa sababu watoto wako nyumbani naye. Katika nyanda za juu za Kigoma watoto walibaki nyumbani na mzazi akaenda zake shambani.

Tumezoea kuiona shule kama mahali pa kusoma, na katika miezi ile tulihangaikia masomo tu: vipindi vya redioni, madaftari, mitihani ya mbele. Shule ya kijijini hufanya pia kazi ambayo haimo kwenye ratiba. Inawakusanya watoto mahali pamoja, chini ya macho ya watu wazima, kwa saa nyingi za mchana, na darasa la awali linachukua hata wadogo wa miaka mitano. Kengele ilipoacha kulia, kazi hiyo ilirudi nyumbani bila kuwa na mtu wa kuipokea. Ikaangukia kwa bibi, ambaye macho yake hayafiki mbali, au kwa binti wa miaka kumi na miwili ambaye tayari alikuwa na maji ya kuteka, kuni za kutafuta na sufuria ya kutazama.

Hata kwenye kambi za wakimbizi ilikuwa hivyo. Nyarugusu, iliyoko Kasulu tangu 1996, na Nduta ya Kibondo zilikuwa na maelfu ya watoto wa wakimbizi wa Kongo na Burundi. Shule zao nazo zilifungwa, na huko nyumba zilikuwa ndogo zaidi na jiko lilikuwa karibu zaidi na mahali mtoto anapolala.

Figa la pili: maji yaliyoshuka sakafuni

Maji ya moto hayakuja na korona. Kila nyumba ina ugali, uji na maharage yanayotokota tangu mchana. Kilichobadilika ni mahali maji hayo yanapowekwa. Chungu cha maharage hukaa motoni, na mtoto hufundishwa mapema kuuogopa moto. Sufuria ya kujifukiza huondolewa motoni. Inawekwa chini, mbali na kile kitu ambacho mtoto amekaririshwa kukikimbia, na inafunikwa kwa nguo ambayo yeye huitumia kujifichia.

Kujifukiza, au kupiga nyungu, ni tiba ya zamani ya mafua, wala hakuna wa kumcheka bibi aliyetufundisha. Lakini Aprili 2020 Rais John Magufuli aliwahimiza wananchi hadharani kujifukiza dhidi ya korona, na Februari 2021 Waziri wa Afya Dorothy Gwajima akaonyesha mbele ya waandishi wa habari namna ya kutumia mvuke na viungo kama tangawizi na limao. "Piga nyungu" ukawa wito wa nchi nzima. Jambo lililokuwa likifanywa mara moja moja, mtu akibanwa na mafua, likawa la kila jioni na la familia nzima. Haijathibitishwa kuwa mvuke unaua kirusi cha korona mwilini. Kwamba maji yake yanaunguza hakuhitaji uthibitisho.

Wala si hatari ya Kigoma peke yake. Mwezi Mei 2020 madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, waliandika katika jarida la The Lancet kuwa kwa miaka kumi walizoea kupokea watoto wawili hivi kwa mwaka walioungua kwa maji ya kujifukiza. Wakati wa korona walipokea sita katika mwezi mmoja. Kule wazazi wengi walikuwa nyumbani na watoto wao, na bado maji ya kujifukiza yaliongeza majeruhi.

Tuangalie ajali yenyewe inavyokwenda. Kwenye mwinuko wa Kasulu maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 100. Maji ya nyuzi 60 tu huunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina ndani ya sekunde tano hivi, na ngozi ya mtoto, ambayo ni nyembamba, haihitaji hata muda huo. Sufuria ikipinduka, maji humkuta mtoto tumboni, kwenye kinena, mapajani na miguuni, nguo huyanyonya na kuyashikilia. Mwili wake ni mdogo, kwa hiyo maji yanayomtosha mtu mzima kuunguza mguu mmoja yanaweza kumfunika yeye nusu ya mwili.

Figa la tatu: jicho lililofunikwa

Binti yule wa darasa la sita alikuwa wapi? Alikuwa nje, akipuliza moto wa chakula cha usiku. Mama alikuwa hatua moja kutoka kwa mtoto, lakini chini ya blanketi. Nyungu ina kasoro hiyo ya pekee: inamfumba macho yule yule aliye karibu zaidi na hatari. Mtu anayekoroga ugali anamwona mtoto anayekuja. Anayejifukiza hamwoni.

Baada ya ajali huja swali ambalo limetia kovu katika nyumba nyingi: "Ulikuwa unaangalia nini?" Mara nyingi linaelekezwa kwa binti. Alipewa kazi ya mtu mzima bila mamlaka ya mtu mzima. Hakuwa na uwezo wa kumwambia mama asijifukize kwanza, wala wa kuamua sufuria ikae wapi. Hata hivyo ndiye atakayebeba kosa hilo hadi ukubwani, kila akiliona paja la mdogo wake. Kumlaumu hakuondoi figa hata moja.

Dakika ishirini za kwanza

Turudi kwa majirani na dawa zao. Mmoja ana dawa ya meno, mwingine yai, mwingine asali, mwingine majivu au manyoya ya sungura. Wapo pia wanaozuia maji kwa kuamini kuwa ndiyo yanayoleta malengelenge. Malengelenge huletwa na joto. Dawa ya meno hudanganya kwa ubaridi wake wa muda mfupi, kisha inakauka juu ya kidonda, na mganga wa zahanati analazimika kuikwangua mtoto akilia kabla hata hajajua ameungua kiasi gani.

Joto lililoingia kwenye ngozi huendelea kuunguza hata sufuria ikiwa imeshaondolewa. Tiba ya kwanza ni kulitoa: vua nguo zilizolowa, ila iliyogandia kwenye ngozi iache, kisha mwagia palipoungua maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Yasiwe ya barafu. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe, maana jioni za Juni huko juu zina baridi na mtoto hupoteza joto haraka. Halafu funika kidonda kwa kitambaa safi na umpeleke zahanati au hospitali.

Atakayesema maji hayatoshi kijijini apige hesabu. Kopo la nusu lita kila nusu dakika ni lita moja kwa dakika. Dakika 20 ni lita 20, yaani ndoo moja.

Ukubwa wa jeraha nao unapimika bila kifaa. Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole, ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake. Vikifika viganja kumi, mtoto anahitaji dripu, kwa kuwa mwili unavuja maji kupitia ngozi iliyoharibika. Majeraha ya uso, mikono, nyayo, kinena au viungo hayatibiwi nyumbani hata yakiwa madogo, kwa sababu kovu la kwenye goti au kiwiko hujikunja na kuuvuta mguu au mkono. Kutoka Kibondo hadi hospitali ya rufaa ya Maweni mjini Kigoma ni zaidi ya kilomita 200. Ndiyo maana kazi ya kumwagia maji nyumbani isiachwe ikangojea Maweni, na zahanati ya jirani isirukwe kwa kumkimbilia mganga wa mbali. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali.

Ndoo

Korona ilituletea pia kitu kingine ambacho hatukukihesabu. Mlangoni mwa maduka, misikiti, makanisa na nyumba nyingi ilisimama ndoo yenye koki na sabuni pembeni. Ikawa hivi: sufuria ya kumwunguza mtoto iko ndani, na maji ya kumwokoa yako hatua tano kutoka pale, safi, yamejaa, yana koki. Nyumba ngapi ziliyakumbuka wakati ule wa kelele?

Leo shule ziko wazi, lakini likizo zipo, msimu wa maharage upo, na mafua hayajaisha. Figa la kwanza na la tatu si rahisi kuyang'oa. La pili tunaliweza jioni hii hii. Anayetaka kujifukiza aweke sufuria juu ya meza pana iliyo imara, mlango ufungwe, watoto wawe nje na mtu mzima. Na ndoo ya mlangoni irudishwe, ijazwe, ifunikwe mfuniko unaobana, kwa sababu mtoto wa miaka miwili anaweza kuzama hata humo. Kisha afundishwe kila aliye nyumbani, kuanzia na binti wa darasa la sita: mtu akiungua, kimbilia koki kwanza, dakika 20, ndipo uite bodaboda.

Ajali hii ina kinga. Ni sufuria isiyokaa sakafuni; na ikishindikana, ipo ndoo moja ya lita 20.