Kabati la jikoni: verni isitudanganye



Kisha mavuno, jamaa nyingi zinanunua kabati la jikoni, la kuchunga sahani, unga na mbegu kidogo za musimu ujao. Feza hiyo ni jasho la musimu muzima. Basi tuangalie vizuri mbele ya kulipa.

Sisi wenyewe tulikosea. Kwa jiko la nyumba yetu ya mafunzo tulinunua kabati lenye kung'aa kama kioo. Kisha miezi tatu mulango haukufunga tena. Chini yake tulikuta vumbi jeupe kama unga wa muhogo: vidudu vilikuwa vinakula mbao kwa ndani. Panya zilipita penye ufa, na maharagi tuliyochunga kwa mbegu yakaisha. Verni ilikuwa nzuri, lakini mbao ilikuwa mbichi.

Mbao ni kama mahindi: ukiifungia na maji ndani, itakuharibikia. Huku Butembo na Lubero mafundi wengi wanatumia karatusi ao libuyu. Libuyu ni ya bei kali, lakini haipindi sana. Karatusi iko na nguvu, ila ikikauka mbio inapasuka. Haiko mbaya, inaomba kukaushwa polepole, kivulini, na vijiti katikati ya mbao ili upepo upite.

Mambo ya kuangalia

1. Omba fundi akuonyeshe mbao mbele ya kuzipigilia. Pima kipande kimoja kwenye kilo ya koperative, kisha juma moja upime tena. Kama uzito umepunguka, maji ingali inatoka. Ngojea.

2. Kama kabati limekwisha kutengenezwa, tazama nyuma, chini na ndani, kule verni haifike. Sehemu nyeupe, ile iliyokuwa karibu na ganda la muti, ndiyo vidudu vinapenda. Ukiona matundu madogo kama ya sindano, na vumbi, kataa.

3. Shika kona moja, tikisa. Kabati la kweli, mbao moja inaingia katika shimo la ingine. La misumari peke yake litalegea.

4. Nusa ndani. Wengine wanapakaa mafuta machafu ya motere ili kufukuza muchwa. Hiyo ni ya nguzo za lupango. Karibu na chakula ni sumu.

5. Liwe na miguu, na nyumbani usilibandike kwenye ukuta. Acha nafasi ya mukono, ili uone njia ya muchwa mapema.

Neno la mwisho kwa sisi wababa: mara nyingi tunaenda kwa fundi peke yetu. Lakini mama ndiye anajua urefu wa mukono wake, ukubwa wa sufuria zake, na mahali anaficha mbegu. Tuende naye. Kabati likikauka vizuri na kuungwa vizuri, hata watoto wetu watalitumia.