KWA NINI PIERRE ANATUSHINDA?



Wakati wa mapumziko tunasikia watoto wanalalamika: «Yaya, uyu Pierre eko ananipiga kila siku! Nifanye je?» Pierre si mwanafunzi. Njo mkubwa wa mji wa Argenta katika Pokémon, mchezo wa kukamata wanyama wa ajabu na kuwafundisha kupigana, uliotoka Japani mwaka 1996. Leo unachezwa hata hapa Kolwezi, katika telefone ambazo batri zake zina kobalti kama ile inayochimbwa kwetu. Basi sisi wa kilasi cha mwisho tueleze kidogo.

Mnyama wa kwanza unampata kwa nivo ya 5. Nivo ya mwisho ni 100. Pierre ana wawili tu: Racaillou wa nivo 12 na Onix wa nivo 14. Wote ni wa mawe na udongo. Aliyechagua Carapuce wa maji ao Bulbizarre wa majani anawapiga kwa nguvu mara nne. Aliyechagua Salamèche, moto wake unapata nusu tu. Kumbe mlima ni mmoja, lakini njia si moja.

Wengi wanasema: «Nitapanda nivo tu, nitamshinda.» Tupige hesabu. Pikachu akitaka kutoka nivo 10 kufika 11 anahitaji pointi 331. Chenipan wa nivo 3 anampa pointi 22, basi atapiga Chenipan 16. Lakini kutoka nivo 50 kufika 51 anahitaji pointi 7.651: Chenipan 348! Waliotunga mchezo walifanya vile kwa kusudi, ili mtu asikae kwa wadogo akiwapiga siku zote. Anayewaendea wakubwa njo anayepanda.

Tena hawakumwacha mtu bila njia. Katika mchezo wa mwaka 1998 unaanza na Pikachu peke yake, na umeme wake haumfanyi Onix kitu. Kwa hiyo waliweka Férosinge karibu na mji wa Jadielle, mpiganaji anayeweza kuvunja mawe. Lakini lazima umtafute.

Katika michezo ya mwaka 2019 kundi lote linapata pointi hata waliokaa bila kupigana, na huwezi kuzima jambo hilo. Wachezaji wengi walilalamika: mlima umekuwa uwanja wa mupira.

Na yule anayepewa na rafiki mnyama wa nivo kubwa? Bila beji za kutosha, mnyama hamtii. Anaambiwa piga, yeye analala.

Tunalijua hili vizuri. Mwaka jana, wengine kati yetu tulinakili kazi ya hesabu ya mwenzetu. Pointi zilikuwa nzuri, tulicheka. Kesho yake mwalimu akatuita ubaoni mmoja mmoja. Wee! Chaki ilikataa kututii. Na Examen d'État haitatuuliza kazi ya mwenzetu.

Basi, mdogo wetu, Pierre akikupiga mara tatu, usirudi kwa Chenipan. Kaa, ujiulize: mawe yanaogopa nini? Halafu zima telefone, ufanye vile vile na somo linalokushinda. Kama hulielewi, uje kutuona saa ya étude. Tuko.